Nimepaka niasinamidi, vitamini C na retinoli wiki tatu, uso umezidi kuharibika. Tatizo ni nini?

#1 Binti wa Temeke
Salaam wakuu.

Nina miaka 27, ngozi yangu ni ya mafuta, hasa kwenye paji la uso na pua. Chunusi hunitoka kidevuni na kwenye taya, na kila moja ikipona inaacha doa jeusi linalokaa miezi. Chunusi zenyewe nimezizoea. Kinachoniuma ni madoa.

Mwezi uliopita nikajichanga, nikanunua chupa tatu kwa mpigo: niasinamidi asilimia 10, vitamini C na retinoli. Asubuhi napaka mbili za kwanza, usiku retinoli, kila siku bila kuruka. Kuosha naosha na sabuni ya kojiki, ile ya kung'arisha ngozi. Wiki ya kwanza uso ukang'aa, nikafurahi. Wiki ya pili ukaanza kuwasha na kubabuka pembeni mwa pua na mdomo. Sasa ni wiki ya tatu, vipele vidogovidogo vimetoka hadi mashavuni ambako sikuwahi kuwa na kitu, na hata maji matupu yakigusa uso yanachoma.

Muuzaji ananiambia nivumilie, eti uchafu unatoka. Ni kweli? Au kuna kimoja kati ya hivyo kinanikataa?

Kabla ya hapo nilikuwa natumia krimu ya kopo aliyonipa mama. Niliipaka kama mwaka na nusu, uso ulikuwa laini. Niliiacha siku niliyoanza hivi vipya.

#2 Mzee wa Pweza
Naweka kiti hapa. Mke wangu ana kesi hiyohiyo, naye anaambiwa avumilie.

#3 Chupa ya Tatu
"Uchafu unatoka" ni nusu ya ukweli. Retinoli ni jamii ya vitamini A, inaharakisha ngozi kujibadilisha, kwa hiyo chunusi zilizokuwa zinajipika chini kwa chini zinajitokeza kwa pamoja. Hilo lipo na huchukua wiki nne, sita, wengine nane. Ila zinatoka palepale ulipozoea kutokwa na chunusi. Wewe unasema mashavuni, mahali papya, na maji yanachoma. Hapo mimi siuiti uchafu. Umechubua ukuta wa ngozi.

Niasinamidi asilimia 10, vitamini C yenye asidi, retinoli kila usiku na sabuni ya kojiki juu yake. Hata ngozi ya mguu ingelalamika.

#4 Kariakoo Ghorofani
Mimi nauza vipodozi, nitasema ukweli wangu. Swali la kwanza ni umenunua wapi. Chupa za niasinamidi za bandia ni nyingi kuliko halisi. Na vitamini C ni kitu cha kuharibika haraka: ikikaa juani kwenye meza ya muuzaji, inabadilika kutoka rangi ya maji kuwa njano, kisha kahawia kama chai. Ikifika hapo imeshakufa. Dada, ya kwako ina rangi gani?

#5 Binti wa Temeke
@Kariakoo Ghorofani ilikuwa kama maji ya machungwa tangu nilipoifungua. Nilidhani ndiyo rangi yake maana wanasema imetokana na machungwa.

#6 Kariakoo Ghorofani
Basi umeuziwa iliyokwisha. Vitamini C ya kwenye chupa haitokani na rangi ya chungwa, ikiwa mpya huwa nyeupe kama maji au ya njano kwa mbali sana. Itupe, au paka visigino.

#7 Shangazi Upanga
Na ni nani aliyekwambia niasinamidi na vitamini C vinapakwa pamoja? Vinauana. Hilo linajulikana.

#8 Chupa ya Tatu
@Shangazi Upanga shikamoo shangazi. Hilo limerithiwa kutoka majaribio ya zamani ambapo walivichanganya na kuvipasha joto kali kwa muda mrefu. Usoni hakuna joto la namna hiyo, na leo kuna seramu zenye vyote viwili ndani ya chupa moja. Shida ya dada siyo kwamba vinauana, ni kwamba ngozi haikupewa muda wa kuzoea hata kimoja.

#9 Shangazi Upanga
Marahaba. Haya, nimekusikia, ila mimi nilivichanganya nikawa mwekundu kama nyanya. Mwili wangu haujasoma hayo majaribio.

#10 Nesi wa Zamu
Naomba niweke hivi kwa faida ya wote, maana naona majina tu yanatajwa bila kazi yake.

Madoa ya dada yanatokana na uvimbe. Chunusi ikiwaka, seli zinazotengeneza rangi ya ngozi zinashtuka na kumwaga melanini zaidi. Kwa sisi weusi hizo seli ni nyepesi kushtuka, ndiyo maana kipele kidogo kinaacha alama kubwa. Niasinamidi, ambayo ni vitamini B3, haizuii melanini isitengenezwe. Inazuia isisafirishwe kwenda kwenye seli za juu. Kwa kazi hiyo asilimia 4 au 5 inatosha, na hata 2 inapunguza mafuta usoni. Asilimia 10 ni namba ya kuuzia, na wapo inaowawasha.

Asidi ya salisiliki, asilimia nusu hadi 2, inayeyuka kwenye mafuta, hivyo inaingia kwenye tundu la ngozi na kulizibua. Hiyo ndiyo ya weusi wa puani na vipele vilivyoziba. Benzoili peroksidi inaua bakteria wa chunusi, na asilimia 2.5 inafanya kazi karibu sawa na 10 bila kuunguza sana. Lakini itakuharibia taulo na foronya, inazitoa rangi.

Asidi ya azelaiki ndiyo ninayoipenda kwa ngozi zetu. Inatuliza chunusi na inafifisha doa kwa wakati mmoja, na mjamzito anaruhusiwa. Retinoli na ndugu zake wote mjamzito aache. Wote.

Kwa dada: kila jambo jipya linaloifanya ngozi iwake linazalisha madoa mapya. Umekwenda kutibu madoa kwa kitu kinacholeta madoa. Pumzisha uso wiki mbili: maji, sabuni laini isiyo na kojiki, mafuta yasiyo na harufu, kinga ya jua. Basi.

Na umetaja krimu ya kopo. Ina nini ndani?

#11 Bi Malindi
Mwanangu, pole. Miye huwa nashangaa watoto wa siku hizi, uso mmoja chupa tatu. Sisi Unguja mwari akiwekwa ndani kabla ya harusi, kungwi wake anamsugua singo. Hiyo ni asumini, mawaridi, mrehani na liwa, imetwangwa ikalowekwa marashi. Liwa yenyewe ni mti wa sandali, unausugua juu ya jiwe kwa matone ya maji mpaka upate uji, unapaka usoni, ukikauka unauona uso umepoa. Harara na joto vinakimbia. Bibi yangu amekufa uso mwororo na hajui hiyo asidi.

Manjano nayo tia kidogo sana, kwa maziwa. Ukizidisha utatembea na uso wa pilau.

#12 Muscat Mwakani
@Bi Malindi umenikumbusha nyumbani. Huku Oman sandali inauzwa sokoni ikiwa imeshasagwa, unga mkavu, ila wajanja wanachanganya na unga mwingine wowote wenye rangi ile. Bora kipande cha mti usugue mwenyewe.

#13 Chupa ya Tatu
@Bi Malindi shikamoo mama. Liwa kwa kupoza sina neno. Lakini hilo la kusugua singo lisimhusu dada kwa sasa. Uso umebabuka, ukiusugua na punje utaupasua.

#14 Bi Malindi
Marahaba. Wala sikusema ajisugue leo. Singo ni ya ngozi nzima, siyo kidonda. Liwa peke yake, jioni, kisha aoshe kwa maji baridi.

#15 Kisauni Kwetu
Dadangu, chochote ufanyacho, usije ukasikiza wanaosema paka ndimu. Mimi niliwahi kukamua ndimu za juisi mchana mzima ufuoni, nikarudi nyumbani salama. Kesho yake mikono ikawa na malengelenge, yalipopona ikabaki mistari myeusi kila mahali maji ya ndimu yalipopita. Ilikaa zaidi ya miezi mitatu. Daktari alinieleza kuwa ngozi ya ndimu ina kitu ambacho kikikutana na jua kinaunguza. Sasa watu wanapaka usoni, halafu wanatoka saa sita mchana.

#16 Mzee wa Pweza
@Kisauni Kwetu nilidhani ni mimi peke yangu. Mkono wangu wa kulia una mstari kama ramani, kumbe ni ndimu za pweza!

#17 Dogo Janja wa Ubungo
Halafu hii ya kinga ya jua mnaisema sana. Mtu mweusi ana kinga yake ya kuzaliwa. Hayo mafuta ni ya wazungu.

#18 Kijana wa Moshi
@Dogo Janja naomba nikujibu kwa utulivu. Mimi ni mtu mwenye ualbino, nimekulia chini ya jua la huku, na mafuta ya jua ndiyo yamenifikisha umri huu. Hospitali ya KCMC hapa Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, yanatengenezwa mafuta ya Kilisun kwa ajili yetu. Kwa hiyo siyo kitu cha wazungu, kinakorogwa hapa chini ya mlima.

Kuhusu mtu mweusi: kweli melanini inakinga, na waliopima walikuta ngozi nyeusi kwa wastani ina kinga kama ya namba 13, ile SPF inayoandikwa kwenye mafuta ya jua. Ni kubwa kuliko ya mzungu, ambaye ana 3 na kitu. Lakini 13 haitoshi kuzuia doa lisikolee. Jua halikuunguzi wewe, ila linaikumbusha ngozi iendelee kumwaga rangi palepale penye doa. Dada anapaka retinoli usiku, asubuhi anapanda daladala dirishani bila kinga. Jibu langu ni jua.

#19 Shangazi Upanga
Mimi nanunua namba 50 maana ni karibu mara mbili ya 30.

#20 Kijana wa Moshi
Siyo mara mbili, shangazi. Namba 30 inapitisha miale kama 3 kati ya 100, na 50 inapitisha 2. Tofauti yake ni mwale mmoja. Kinachoangusha watu ni kiasi. Mtu anapaka tone la njegere uso mzima. Weka mistari miwili, urefu wa vidole viwili, na urudie ukitoka jasho.

#21 Nesi wa Zamu
Naongezea kwa @Kijana wa Moshi. Kwa weusi hata mwanga wa kawaida tunaouona kwa macho unakoleza madoa, na mafuta mengi ya jua hayauzuii. Yale yenye rangi ya kahawia kidogo yana oksidi ya chuma, hiyo inauzuia. Na hayakuachi na uso mweupe kama umepigwa chokaa, jambo linalowafanya wengi wayatupe.

#22 Binti wa Temeke
Asanteni sana, nasoma yote. Kinga ya jua sikuwa nayo, nakiri. Krimu ya kopo haina orodha ya vilivyomo, au ilikuwepo ikafutika. Kopo lenyewe liko kwa mama, Mbagala.

#23 Mtoto wa Kigali
Kama ni kopo lisilo na orodha, mimi naanzia hapo. Huku Rwanda mwishoni mwa 2018 serikali ilianza kupita madukani kukusanya bidhaa za kuchubua, zenye haidrokwinoni na zebaki. Nilikuwa na duka dogo, nilishuhudia makopo yakibebwa kwa maboksi. Mengi yalikuwa ya kuvutia kuliko dawa halisi.

#24 Dogo Janja wa Ubungo
Haidrokwinoni ni sumu, TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, waliipiga marufuku zamani.

#25 Nesi wa Zamu
Mambo mawili, mdogo wangu. TFDA haipo tena, tangu 2019 ni TMDA, ya dawa na vifaa tiba, na vipodozi vilihamishiwa TBS, shirika la viwango. Pili, haidrokwinoni kwenye vipodozi imekatazwa hapa kwetu, Kenya pia, na Ulaya tangu 2001. Marekani waliiondoa kwenye rafu mwaka 2020 ikabaki ya cheti cha daktari. Lakini mkononi mwa daktari bado ni dawa, asilimia 2 hadi 4, kwa miezi michache, kwa kina mama wenye mabaka ya ujauzito kwa mfano.

Ubaya wake ni mtu kujipaka miaka. Inageuka, ngozi inakuwa ya bluu-nyeusi kama imepigwa masizi, hasa kwenye mifupa ya mashavu. Nimewaona. Wanazidisha kupaka wakidhani doa limerudi, kumbe ni dawa yenyewe. Na hilo haliondoki kirahisi.

Zebaki ni jambo jingine kabisa, inaingia mwilini na kuharibu figo. Huko hakuna kiasi salama cha kujipaka.

#26 Mama Wawili Tabata
Naandika mara ya kwanza, huwa nasoma tu. Mimi nilitumia mkorogo miaka minne. Uso ulikuwa mweupe, vidole kwenye viungo vilibaki vyeusi, na watu walinicheka kwa vidole vyangu. Nilipojifungua kwa upasuaji, ngozi ya tumbo ilichelewa kufunga. Daktari alinieleza kuwa kwenye mchanganyiko wangu kulikuwa na klobetasoli (clobetasol), dawa kali ya jamii ya steroidi, ambayo inaifanya ngozi kuwa nyembamba kama karatasi.

Nilipoacha ghafla, uso wote ulilipuka. Mwekundu, vipele vidogovidogo mashavuni, kuwasha, maji yanachoma. Dada, ulivyoeleza post ya kwanza nimejiona mimi. Haikuwa chupa mpya iliyoniharibu, ni ile ya zamani ilikuwa inadai. Niliteseka miezi saba.

#27 Chupa ya Tatu
@Mama Wawili Tabata asante kwa kusema hadharani. Inaweza kuwa hivyo. Lakini tusimhukumu bado, retinoli ya kila usiku nayo inatoa picha hiyohiyo.

#28 Lira Mjini
Mimi Mtanzania, niko Lira, kaskazini mwa Uganda. Huku kuna mafuta ya shea ya huku, wanayaita moo yao, yanakamuliwa na kina mama vijijini. Ni laini kuliko ya Afrika Magharibi, kwenye joto la huku yanakaribia kuwa maji. Ngozi iliyobabuka inayapenda. Harufu yake lazima uizoee.

#29 Shangazi Upanga
Kwa uso wa mafuta wenye chunusi unampa shea? Mimi mafuta ya nazi tu yalinijaza vipele paji zima.

#30 Lira Mjini
Nazi na shea haviko sawa, shangazi. Ila sawa, ajaribu kwanza chini ya taya siku tatu.

#31 Kariakoo Ghorofani
Kwa ngozi iliyochubuka hakuna kinachoshinda Vaseline ya kawaida isiyo na harufu. Ilisajiliwa Marekani mwaka 1872, hadi leo madaktari wanaiagiza. Haizibi matundu kama watu wanavyosema, inakaa juu na kuzuia maji yasitoke. Nauza seramu za elfu arobaini, na bado namwambia dada anunue ya buku mbili.

#32 Mzee wa Pweza
Leo umeonyesha moyo. Nakuja dukani.

#33 Jirani Sinza
Hakuna aliyeuliza nywele. Dada, unasuka? Mafuta ya kichwani yanashuka usoni, hasa ukilala. Mimi chunusi zangu za paji na pembeni ziliisha nilipobadilisha mafuta ya kusukia na kuanza kufua foronya kila wiki. Sikununua hata chupa moja.

#34 Binti wa Temeke
Nasuka, ndiyo. Ila zangu ni kidevuni na tayani.

#35 Nesi wa Zamu
Kidevu na taya kwa mwanamke mtu mzima mara nyingi ni homoni. Zinazidi siku chache kabla ya hedhi? Hedhi inakuja kwa mpangilio? Kama hapana, na una nywele nyingi kidevuni, kapimwe, maana hapo hata upake dhahabu.

#36 Fundi Kinyozi
Wanaume nao mnatusahau. Vipele vya ndevu! Wateja wangu nusu wanavyo. Nywele zetu zimejikunja, zikikatwa karibu sana zinarudi ndani ya ngozi na kuichoma. Wao wanapaka spiriti inayowasha halafu wanakuja wiki ijayo na madoa shingo nzima.

#37 Dogo Janja wa Ubungo
@Fundi Kinyozi hapo umenigusa. Suluhisho?

#38 Fundi Kinyozi
Mashine iache milimita moja, usifuate ngozi. Usinyoe kinyume na nywele zinavyolala. Mteja wangu mmoja anatumia asidi ya glaikoliki mara tatu kwa wiki, shingo imesafika. Asipake siku ya kunyoa.

#39 Chupa ya Tatu
Glaikoliki ni molekuli ndogo, inaingia haraka na kuunguza haraka. Ngozi nyepesi kuwaka ianze na asidi ya laktiki, ni kubwa kidogo, ni ile ya kwenye maziwa ya mgando.

#40 Bi Malindi
Kumbe! Basi na sie tuliojipaka maziwa ya mgando tulikuwa na asidi bila kujua. Mnanicheka bure.

#41 Chupa ya Tatu
Hatukucheki mama, hapo umetushinda.

#42 Binti wa Temeke
Nimerudi. Wiki mbili sasa ni maji, Vaseline usiku na kinga ya jua yenye rangi kidogo. Kuchoma kumepungua sana. Kubabuka kumeisha. Lakini vipele vya mashavuni bado vipo, na juzi kabla ya hedhi kidevuni zimetoka tatu kubwa. Madoa hayajasogea.

Jumapili nilikwenda Mbagala nikalitafuta lile kopo. Karatasi imechakaa, sehemu ya vilivyomo zimebaki herufi tano za mwisho wa neno moja: "tasol".

#43 Mama Wawili Tabata
Dada yangu. Langu liliishia hivyohivyo.

#44 Kariakoo Ghorofani
Tusikimbilie. Herufi tano zinaweza kuwa jina la biashara. Yako makopo yenye majina ya ajabu. Na vipele vya mashavu vinaweza kuwa retinoli bado inatoka, wiki mbili ni chache.

#45 Kijana wa Moshi
Na madoa kutosogea kwa wiki mbili hakusemi lolote. Mpe jua likae mbali miezi mitatu ndiyo uhesabu.

#46 Nesi wa Zamu
Lipeleke kopo lenyewe kwa daktari wa ngozi, usilitupe. Uliliacha lini hasa?

#47 Binti wa Temeke
Wiki tano na siku kadhaa. Nitalipeleka. Ila dada Nesi, mama bado analipaka usoni na shingoni kila usiku, mwaka wa sita huu. Nimemwomba aache leo hii.

#48 Nesi wa Zamu
Asiache leo. Mwende naye wote wawili.